Pweza anakuwa mgumu kwa sababu unamtoa motoni mapema

Waalaikum salaam mwanangu, na karibu. Swali lako nimelisoma mpaka mwisho, nalirudia hapa kwa ufupi ili na wengine wafaidike. Wewe na wenzako mnakaa Fuoni, kila Jumapili mnakusanyika kuangalia mpira na kupika kitu, safari hii mkasema chipsi basi, leo pweza wa nazi. Ukanunua pweza wa kilo 1 na nusu pale soko la Malindi, Unguja mjini, ukamtia kwenye presha kuka dakika 10 tu kwa sababu uliambiwa vitu vya baharini vikizidi moto vinakakamaa, akatoka hatafuniki. Ukamkatakata, ukakamua ndimu, ukamimina tui, ukaongeza moto ili alainike, na tui nalo likakatika, mafuta juu maji chini. Sasa Jumapili inayokuja mashemeji wanashuka kutoka Wete kule Pemba na unataka kujua apigwe, au atiwe majani ya mpapai, au kijiko ndani ya sufuria, au magadi, au labda pweza wa Malindi ndo mbaya.

Pweza hakuwa mbaya. Ulimtoa mapema, ukampa moto mkali pale alipotaka moto mdogo, na tui ukalitia pahali pasipo pake. Mengine yote ntakayokwambia yanazunguka hapo.

Hiyo kanuni uliyopewa ya vitu vya baharini kutozidi moto ni kweli kwa samaki, ni kweli kwa kamba, mtu akipika kamba robo saa kaharibu. Ngisi ana njia mbili, ama umpitishe motoni dakika 2 tu umtoe, ama umpike nusu saa na zaidi, ukimtoa katikati hapo umepata raba. Pweza mkubwa kama wako hana ile njia ya mkato, ana njia moja tu ndefu. Sasa wewe ulimtoa pale pale katikati, pahali pabaya kuliko pote, yaani hata angekuwa mbichi angetafunika vizuri zaidi.

Kwa nini iko hivo. Pweza hana mfupa hata mmoja, kitu kigumu pekee mwilini mwake ni ule mdomo mfano wa kasuku uliojificha katikati ya minyiri, ile mikono yake. Kwa hiyo kazi yote ya kushika, kuvuta, kujisukuma na kujipenyeza kwenye tundu za miamba inafanywa na nyama peke yake, na nyuzi za nyama hiyo zimepangwa za kwenda urefu, za kukata upana na nyengine za mshazari, zote zimefungwa na utando mwingi mgumu ulioshikamana hasa, kuliko wa samaki wengi. Joto likifika kama nyuzi 60 ule utando unajikunja, unaiminya nyama, maji yanatoka kwa fujo, pweza anasinyaa mbele ya macho yako. Hapo ndo wengi wanaingiwa na hofu wanazima jiko. Lakini ukiendelea, joto likikaa chini kidogo ya kuchemka kwa muda mrefu, ule utando wenyewe unaanza kuyeyuka na kugeuka ule utelezi unaogandisha supu ya makongoro ikipoa, na nyama inaachia. Mgumu kwanza, laini baadae, na hakuna namna ya kuruka hatua ya kwanza. Ndo maana nasema dakika zako 10 za presha zilimfikisha kwenye ugumu wake zikamwacha hapo.

Na jiandae, atapungua karibu nusu. Kilo moja na nusu ya sokoni ikitoka sufuriani usitegemee zaidi ya robo tatu za kilo na kidogo. Watu wanadhani wameibiwa mizani, hapana, ni maji yake yametoka, na pweza ni maji kwa sehemu kubwa sana. Kwa vijana 6 na mashemeji juu, kilo 1 na nusu haikutoshi, nunua 3.

Tukija kwenye kupiga. Wavuvi wa Jambiani, Nungwi, Kizimkazi utawaona wanampiga pweza jiweni au mchangani tangu pwani, na si mazoea tu, ile inavunja zile nyuzi na kulegeza utando, kazi ambayo ungeifanya kwa moto inapungua. Inafaa pweza akiwa bado mpya. Ukimnunua ambaye hajapigwa unaweza kumlaza kwenye kibao ukampiga kwa mchi wa kinu, minyiri yote, ile sehemu nene ya karibu na kichwa zaidi, mpaka uone imelegea ukiishika. Lakini kupiga hakuondoi haja ya kupika muda mrefu, kunapunguza muda tu, na hilo ndo watu hawalitaji wakikwambia we mpige tu.

Friza ni bora kuliko mchi, nasema hivi nikijua wazee wenzangu watanikatalia. Maji yaliyomo ndani ya nyama yakiganda yanakuwa vipande vidogo vyenye ncha, vinachana nyuzi kila upande kwa wakati mmoja, kazi ambayo mkono hauwezi kuifanya sawasawa. Na friza ya nyumbani inagandisha polepole, vile vipande vinakuwa vikubwa zaidi, kwa samaki hiyo ni hasara lakini kwa pweza ni faida tupu. Mtie siku 2 au 3, amesafishwa kabisa, kisha mshushe chini kwenye friji usiku kucha ayeyuke taratibu, usimmwagie maji moto. Mama zetu Pemba walikuwa hawana njia hii ya kutegemea, umeme wa uhakika ulifika 2010 ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, kabla ya hapo ilikuwa jenereta na kukatika kila mara, kwa hiyo wakabaki na mchi na jiwe na wakapika pweza mzuri mno. Wewe friza unayo, itumie.

Majani ya mpapai yanafanya kazi kweli, yana utomvu unaokatakata nyama, hata papai bichi lenyewe. Tatizo ni kwamba yanafanya kazi juu juu, yanakula ngozi na sehemu ya nje huku ndani bado kugumu, na mtu akisahau kidogo anapata pweza aliyechubuka, nje rojorojo ndani kamba. Halafu moto ukipanda ile nguvu yake inakufa, kwa hiyo kuyachemsha naye saa nzima hakuongezi kitu. Mimi siyatumii kwa pweza, nayatumia kwa nyama ya ng'ombe mzee.

Kijiko hakifanyi chochote. Kitie, kitoe, pweza hajui.

Magadi usithubutu. Ni kweli yanalainisha lakini yanaua ladha ya bahari, yanaacha uchungu wa sabuni mdomoni, ngozi inatoka yote na rangi inakuwa ya kijivu. Pweza aliyetiwa magadi anajulikana kwa harufu kabla hujamuonja.

Sasa soko, maana hapo ndo pishi linaanza. Pweza wetu anaandamana na mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanapwa mpaka miamba inabaki wazi, tofauti ya kupwa na kujaa kwetu inafika kama mita 4, na bamvua la kwetu maji hupwa asubuhi ya saa 4 saa 5 hivi, kina mama wanatoka na mkonjo kwenda kuchokoa matundu, wapigambizi nao wako huko nje. Kwa hiyo pweza wa siku hiyo anaingia mjini alasiri. Ukenda sokoni saa 1 asubuhi ukamkuta pweza mwingi ujue wengi ni wa jana, si lazima wawe wabaya, lakini uliza. Maji mafu, yaani siku ambazo bahari haipwi sana, pweza anakuwa adimu na bei inapanda, wakati huo bora ununue ngisi au usubiri. We angalia mwezi, ukiona bamvua linaangukia katikati ya wiki ndo vizuri kabisa, nunua siku hiyo, mtie friza, Jumapili yuko tayari.

Ukimshika, ngozi iwe inang'aa, rangi ya kahawia yenye madoa, si ya waridi iliyopauka. Vile vikombe vya kwenye minyiri vikigusa kidole viwe bado vina mshiko mshiko. Ukivuta ngozi isivuke kama ganda. Macho yawe wazi si maziwa. Harufu iwe ya bahari, harufu yoyote kali nyengine mwache hapo hapo hata kwa bure. Na usimuogope mchuuzi, mshike umnuse, mnunuzi wa Malindi asiyenusa ananusiwa na wenzake nyumbani.

Jambo jengine na hili naliomba hasa: usinunue pweza mdogo. Chini ya nusu kilo mwache. Pweza huyu wa kwenye miamba yetu anaishi mwaka mmoja na kidogo basi, lakini katika huo muda mfupi anakua haraka mno, miezi michache tu uzito unazidi maradufu, na jike anazaa mara moja tu maishani, anatundika mayai yake ndani ya pango, anakaa kuyalinda bila kula mpaka yanapopasuka, kisha anakufa. Ukimchukua mdogo umechukua nusu kilo ambayo ingekuwa kilo tatu, na umechukua mayai maelfu kwa maelfu ambayo hajayataga bado. Watu wa Kisiwa Panza kule kusini ya Pemba walikubaliana kufunga sehemu ya miamba yao kwa muda pweza wakue, wakifungua wanavua wakubwa, utaratibu uliotokana na ule uliojulikana kutoka Andavadoaka huko Madagaska walikofunga mwaka 2004. Ni kazi ngumu ya kuvumiliana, mtu ana njaa leo na anaambiwa asubiri, kwa hiyo sisi tunaokula mjini angalau tusiwe soko la vitoto. Mchuuzi akikosa wa kumuuzia mdogo hatomleta.

Kumsafisha. Pindua kile kichwa nje ndani kama soksi, toa matumbo yote pamoja na kifuko cha wino, fanya polepole kisipasuke, kikipasuka si sumu, ni uchafu tu utaosha. Kata macho. Bonyeza katikati ya minyiri ule mdomo mgumu utachomoza, utoe. Kisha msugue kwa chumvi ya mawe, hasa kwenye vikombe maana mchanga unakaa humo, ute wote utoke, umsuuze maji mengi mara kadhaa mpaka maji yawe meupe. Ukitaka msugue na ndimu pia kuondoa shombo, sawa, lakini msuuze tena. Ngozi muachie, ile rangi nyekundu ya mchuzi inatoka huko.

Sasa motoni. Sufuria nzito yenye mfuniko unaoziba, pweza mzima, usimkate. USITIE MAJI. Hapa ndo watu wanabishana na mimi, jikoni na mtandaoni, lakini we jaribu. Tia kitunguu maji kimoja umekikata nusu, thomu, yaani kitunguu saumu, punje chache umeziponda, tangawizi kipande, pilipili manga nzima chache, basi. Funika, moto mdogo. Ndani ya dakika 10 utafunua utakuta pweza anaelea kwenye maji mekundu yaliyotoka kwake mwenyewe, kikombe na zaidi. Hayo ndo maji ya kumpikia. Ukiongeza ya bomba umezimua ladha yote halafu baadae unatafuta vikorombwezo vya paketi kuirudisha.

Chumvi usitie saa hii. Si kwamba inamkakamaza, wanaosema hivo siwaungi mkono, ila yale maji yake tayari yana chumvi ya bahari na yatapungua yakizidi kukolea, ukitia mwanzo mwisho wake hakuliki. Utaonja ukimaliza.

Moto uwe wa kutokota taratibu, kipovu hapa kipovu pale. Ukichemsha kwa nguvu ngozi inachanika na nyama ya nje inaisha kabla ya ndani kuiva. Kwa pweza wa kilo 1 na nusu aliyetoka friza hesabu dakika 45 mpaka saa nzima. Wa kilo 2 na nusu au 3 mpe saa na nusu. Ambaye hakupigwa wala hakugandishwa muongezee. Lakini saa ni ya kukisia tu, kipimo chenyewe ni kisu: choma pale mnyiri unapoungana na kichwa, pahali penye unene, kisu kikiingia bila kuvutwa ameiva, kikikwama funika urudi baada ya dakika 15. Usitafune ncha ya mnyiri ukasema tayari, ncha inaiva zamani.

Kwa nyinyi watu wa mpira mambo ni mepesi. Bandika sufuria mpira ukianza, nenda kaangalie, mapumziko njoo uchome kisu, mgeuze mara moja na uangalie maji hayajakauka, rudi kipindi cha pili, mpira ukiisha pweza kaiva. Mimi napika na taarab, nyimbo za zamani zile ndefu za Ikhwan Safaa, klabu iliyoanza 1905 na mpaka leo inapiga, maana zinanikalisha jikoni bila kuhangaika na mfuniko. Kupika pweza ni starehe ya mtu asiye na haraka. Mwenye haraka akaange changu, kitamu pia.

Presha kuka sikukatazi, wakati mwengine gesi yenyewe ya kuhesabu. Itumie lakini mpe dakika 20 tangu ianze kulia, na hapo tia maji robo kikombe kwa sababu presha haiwezi kuanza kavu, kisha izime uiache ishuke yenyewe, usiilazimishe. Bado mgumu? funga tena dakika 5. Ubaya wake ni kwamba huoni kinachoendelea na ukipitiliza anakuwa pamba, nyuzi nyuzi.

Akishaiva, zima moto na umuache humo humo kwenye maji yake apoe nusu saa. Hatua hii wengi wanairuka. Nyama iliyoiva ikipoa ndani ya maji yake inabaki na utamu, ikitolewa moto moto inakauka juu ya sahani. Akipoa mkate vipande vya vidole viwili, maji yale yachuje uyaweke, hayo ni dhahabu.

Tui. Hapa nakaa kidogo maana swali lako la pili ndo hili na kusema kweli pweza wa nazi ni nazi kwanza. Tui ni matone madogo madogo ya mafuta yaliyozungukwa na protini zinazoyashika yasiungane na maji. Moto mkali unazikunja zile protini, ndimu inazikunja, chumvi nyingi nayo inasaidia kuharibu, zikishajikunja zinaachia mafuta na ndo ile kukatika. Wewe ulitia vyote kwa pamoja, ndimu kwanza, tui zito juu yake, halafu moto wa juu na bila kukoroga. Lisingeweza kupona.

Kwa pweza wa kilo 3 kuna nazi 3, kubwa zilizokomaa, ukizitikisa zinalia maji. Kuna kwenye mbuzi kama unayo, blenda inafaa lakini isage kwa maji ya uvuguvugu kidogo tu. Kamua mara ya kwanza kwa maji kidogo kabisa, hilo ni kasimile, tui zito, weka mbali. Rudia kwa maji zaidi upate tui jepesi, mara ya pili na ya tatu changanya pamoja. Tui la paketi limetiwa vitu vya kulizuia lisikatike, kwa mwanafunzi linampa salama, lakini mashemeji wa Wete watajua wakionja tu, Pemba nazi ziko uani.

Kwenye sufuria nyengine, mafuta kidogo sana, kaanga kitunguu kilainike bila kuwa kahawia, tia thomu na tangawizi ulizoponda, kisha tungule, yaani nyanya, 3 au 4 zilizoiva umezikuna, zikaange mpaka maji yake yaishe na zikae kando na mafuta. Usiwe na pupa hapa, tungule mbichi nazo zina ukali utakaokukatia tui. Tia bizari ya manjano kijiko cha chai, uzile, yaani bizari nyembamba, nusu kijiko, pilipili manga ya kusaga. Mdalasini, karafuu, hiliki, viache kwenye pilau. Nimetoka kisiwa cha karafuu na naipenda kwa moyo wangu wote lakini kwa pweza inamfunika, humuonji tena. Sasa mimina yale maji yake na tui jepesi, tia pweza, pilipili mbichi nzima mbili tatu usizipasue, wacha vitokote pamoja mfuniko wazi mpaka mchuzi upungue nusu na uwe mzito. Tui jepesi linastahamili kuchemka, kwanza mafuta yake machache.

Kasimile inakuja mwisho kabisa. Shusha moto mpaka chini, imimine taratibu huku unakoroga, na uendelee kukoroga kwa upawa, unachota unamwagia juu unachota unamwagia, usiiache ikae kimya. Ukiona kipovu cha kwanza pembeni hesabu dakika 3 mpaka 5 za kutokota kwa upole, uzime. Usifunike ikiwa moto. Onja sasa ndo utie chumvi. Ndimu au ukwaju uingie baada ya kuzima, kidogo kidogo huku unakoroga, mimi napenda ukwaju kwa pweza maana una ukali wa taratibu na unampa mchuzi rangi, lakini mwenye ndimu mbichi asihuzunike.

Kuhusu kula naye, wali mweupe wa kawaida unatosha. Wali wa nazi na pweza wa nazi pamoja ni uzito juu ya uzito, kwa maoni yangu. Muhogo wa kuchemsha mzuri zaidi, na boflo la kuchovyea mchuzi lisikosekane. Kachumbari yenye embe mbichi pembeni. Kama kuna kati ya wageni mtu anayevimba au kuwashwa akila vitu kama chaza na ngisi, muulize mapema, na yeye mpikie kitu chengine kwa sufuria na mwiko mbali.

Uliuliza pia kama ni kweli supu ya pweza ina zile nguvu wanazozisema vijana pale kwenye meza za jioni. Mwanangu, pweza ana protini nyingi, mafuta machache, ana madini ya chuma na zinki, ni chakula bora kwa mwili wa mtu yeyote, kijana, mzee, mama anayenyonyesha. Dawa ya mambo hayo hajathibitika kuwa, na mwenye tatizo la kweli asione haya kwenda kwa daktari. Supu inywe kwa utamu wake, na utamu wake ni mkubwa.

Mwisho umeuliza kama unaweza kumpika Jumamosi usiku kwa sababu Jumapili mpira unaanza saa 10 jioni na mashemeji boti yao inafika mchana. Unaweza, na anakuwa mtamu zaidi. Jumamosi mfikishe pale pa kuiva na kupoa kwenye maji yake, mtie kwenye friji akiwa amezama humo humo, usimkate. Utakuta asubuhi maji yamegandana, hiyo ni ishara nzuri, ule utando umeyeyuka ukatoka. Jumapili mkate, andaa vitunguu na tungule, maliza mpaka hatua ya tui jepesi kabla mpira haujaanza, ukamuache pembeni ya jiko. Kasimile iache kwenye friji usiitie mpaka kila mtu keshanawa mikono, maana mchuzi wa nazi ukipashwa moto mara ya pili ndo unakatika, na hapo hata mimi sina la kukusaidia.